Mkono Ukiachia

Maneno haya niliyasema mbele ya wapogoa miti na warina asali tuliokutana Moshi Jumamosi moja asubuhi, kabla masika hayajaanza. Nimeyaandika kwa ajili ya waliokaa nyuma, kwa sababu jenereta la jirani lilikuwa likinguruma na walilalamika kwamba hawakusikia.

Mheshimiwa diwani, mzee wetu mwenyekiti, akina mama mlioacha biashara zenu mkaja, na ninyi wadogo zangu wenye makovu magotini: shimboni! Nimesikia "shicha" ya watu walioshiba chai, basi tuanze.

Nimeombwa nizungumzie usalama. Neno hilo lina usingizi ndani yake. Ukilitamka tu watu wanaanza kutazama simu. Mimi nitazungumzia kushuka. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Wenzetu wa mjini hulisema wakizungumzia madeni na ndoa. Sisi ndio tuliobaki tunalisema kwa maana yake yenyewe, maana kila siku tuko juu ya mti na kila siku lazima turudi.

Kupanda kila mtu anajua. Asubuhi una nguvu, umekunywa uji, watoto wa jirani wanakutazama. Kushuka ni saa kumi na moja jioni, vidole vimekufa ganzi kwa panga, jasho limeingia machoni na tumbo linakukumbusha nyumbani. Na umeshamaliza kazi. Huo ndio ubaya wenyewe: kichwani umeshafika chini, mwili bado uko mita kumi juu. Mtu akianguka mita 10 anagonga ardhi akiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, na safari yote haifiki sekunde moja na nusu. Hata "Yesu" hulimalizi.

Niwaambie yaliyonipata. Mwaka 2014 nilikuwa napogoa migrivea kwenye shamba la kahawa huko Kibosho. Wakati huo nilijiona fundi, kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi mlimani Kilimanjaro na nina hanesi yangu, ule mkanda wa kujifunga kiunoni na mapajani, nina chuma changu cha namba nane, kile cha kupitishia kamba ya kushukia, nina kamba nzuri. Wenzangu walikuwa wakishuka kwa kukumbatia shina; mimi nashuka kwa kamba kama sinema. Basi nikawa kama katikati ya mti, mkono wa kulia chini umeshika kamba, ndio breki yangu, nikazunguka shina kidogo. Nyuma ya shina kulikuwa na kiota cha nyigu.

Wa kwanza aliniuma kwenye kope. Sikuamua chochote. Mkono wa kulia uliondoka wenyewe kwenye kamba ukaenda usoni. Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo ninapotaka mfike: mkono wa kushoto nao uliamka, ukakamata kamba, lakini uliikamata juu ya chuma, mahali ambapo hata ukikaza namna gani huzuii kitu. Nilikaza. Nilikaza mpaka ngozi ya kiganja ikabaki kwenye kamba, na bado nikashuka mita nne hivi kama gunia la mahindi lililotupwa kutoka kwenye lori.

Sikufika chini. Kijana tuliyekuwa naye alikuwa ameshika mwisho wa kamba, si kwa ajili yangu, alikuwa anaizuia isijisokote kwenye mibuni. Alipoona nakuja alishtuka akarudi nyuma bila kuiachia. Kamba ikakazika, chuma kikabana, nikabaki naning'inia miguu ikikaribia kugusa majani ya mibuni. Mwenye shamba, aliyekuwa barazani, aliuliza kama mibuni imevunjika.

Nimeshasimulia hadithi hii mara nyingi, na watu hucheka hapo kwenye mibuni. Lakini mimi iliniweka macho usiku. Si nyigu walionikosesha usingizi, bali mkono wangu mwenyewe. Miaka yote nilikuwa nimeuamini, na siku ya hatari ulinikimbia kabla sijafikiri. Na ule mwingine uliobaki ulifanya kitu kisichosaidia, kwa nguvu zake zote.

Dawa yake niliipata kwa mtu ambaye si wa miti yetu kabisa. Miaka miwili baadaye nilikuwa napandisha wageni kwa njia ya Machame. Mmoja alikuwa Mmarekani wa Michigan, mwindaji wa kulungu kwa upinde. Tukiwa kambini Shira, mvua inanyesha, hakuna pa kwenda, akaanza kunieleza wanavyowinda kwao. Mtu anaondoka nyumbani usiku, anapanda mti kama mita sita, anakaa kwenye mkanda mpana unaozunguka makalio, wao wanauita tandiko, lile la farasi. Hana kiti wala jukwaa la maana. Kamba imezunguka shina, yeye anaegemea mkanda, miguu imegusa mti, anangoja mnyama apite. Anaweza kukaa hivyo mpaka jioni.

Nifungue mabano hapa, kwa sababu namwona mmoja pale macho yameng'aa. Sifundishi uwindaji. Kwetu kuna Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, na ukikutwa na nyama bila kibali utashuka mtini ukapande karandinga. Tunachochukua kwa yule mgeni ni kamba yake tu.

Nilimuuliza: jioni unashukaje, baridi imekushika, giza limeingia? Akasema, kwa kamba, kama wewe. Lakini akaongeza neno: "Nashuka nikiwa nimeshakubali kwamba nitaiachia." Akavua kamba ya kiatu chake, akachukua fimbo yangu ya kutembelea akaisimamisha, akaizungushia ile kamba ya kiatu, akavuta kwenda chini. Ikashika. Akailegeza kwa kidole, ikateleza. Akaachia, ikashika tena. Nimekaa mlimani miaka mingi, fundo hilo nalijua, na hata jina lake nalijua: prusiki, kwa jina la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria, liko kwenye vitabu vya kamba tangu 1931. Nilijifunza kulitumia kupandia. Sikuwahi kuliweka kwenye kamba nikiwa nashuka, kwa sababu nilikuwa na mkono.

Sasa tazameni hapa mbele, huyu kijana ashike kamba ikae wima. Hii kamba kubwa ni milimita 10. Hiki ni kipande cha kamba nyembamba, milimita 6, urefu wake mita moja na nusu, nimekiunga ncha kwa fundo la wavuvi la kuzungusha mara mbili kikawa kitanzi. Nyembamba ni lazima; ukichukua inayolingana na kamba kubwa, haitashika. Nakizungusha kwenye kamba mara tatu, kinapita ndani yake chenyewe, mizunguko ikae sambamba, isipandane. Hiyo ndiyo prusiki. Kuna nyingine ninayoipenda zaidi kwa kushukia: unaviringisha kitanzi kwenye kamba mara nne au tano, halafu ncha zote mbili unazitia kwenye karabina moja, ile pete ya chuma inayofunguka. Hii nayo inashika, lakini inakubali kuachia hata ikiwa imebeba uzito. Prusiki ikishakaza uzito wako inaweza kukugomea, ukabaki hapo unaomba ngazi.

Liwekwe wapi? Hapa watu hugombana. Wapo wanaoliweka juu ya chuma. Nami nauliza: mkono wangu wa kushoto siku ile ulikwenda wapi? Ulikwenda juu. Mtu akishtuka hafungui mkono, anafumba. Fundo likiwa juu, atalifumbata fundo lenyewe, na fundo lililofumbatwa halishiki. Linateleza naye mpaka chini huku yeye akizidi kulibana kwa imani yote. Kwa hiyo mimi naliweka chini ya chuma, upande wa breki. Huko halibebi uzito wote, linafanya kazi ya mkono tu. Chuma nakipandisha kwa ukanda mfupi mpaka usawa wa kifua, na lile fundo nalifunga kwenye pete ya mbele ya hanesi, chini yake. Kati ya fundo na chuma pabaki nafasi. Fundo likiwa refu likafika kwenye chuma, chuma kinalisukuma na kulifungua, na hapo huna kitu, una pambo.

Mkono unakuwa juu ya fundo, unalisindikiza taratibu. Nyuki wakija, ukazimia, ukashikwa na tumbo, ukapigiwa simu, vyovyote vile, mkono ukiondoka fundo linakaza. Huhitaji ujasiri wala akili. Unahitaji kuachia tu, na kuachia hata maiti anaweza. Samahani, mama.

Wenye pesa watasema kuna vyuma vya kisasa vinavyojifunga vyenyewe, kama GriGri. Vipo, ni vizuri, nami nimevitumia. Lakini navyo vina mpini wa kuachilia, na mtu aliyeogopa huuvuta mpini kwa nguvu kama anayemvuta mbuzi. Hata navyo mimi naweka fundo. Kipande hiki cha mita moja na nusu hakifikii bei ya kilo ya nyama.

Na mwisho wa kamba? Fungeni fundo kubwa. Tena kabla ya kupanda, si baadaye. Jioni, ukitazama chini kupitia majani ya migomba, kamba inayofika ardhini na kamba iliyoishia mita tatu juu ya ardhi zinafanana. Kama umeikunja mara mbili kuzunguka shina ili uivute ukishafika chini, ncha zote mbili zifungwe, kila moja peke yake, na pande zote mbili za kamba zipite ndani ya chuma. Wale wawindaji wana namna nyingine: kamba moja imekaba shina kwa kiungo cha chuma, na uzi mwembamba unaning'inia wa kuivutia baadaye. Nzuri, inaokoa kamba. Ila gizani uzi na kamba vikae pande tofauti za mti, na uishike kamba uitambue kwa vidole kabla hujaikalia.

Lakini niseme ukweli wangu: hayo yote si mahali pabaya zaidi. Mahali pabaya ni pale juu kabisa, unapobadilisha. Umejifunga mtini kwa kamba fupi, ile inayozunguka shina kama ya fundi umeme kwenye nguzo. Sasa unataka kuiacha hiyo uhamie kwenye kamba ya kushukia. Kuna nukta moja, fupi kama kupepesa, ambapo ukikosea umeshafungua ya kwanza na ya pili bado haijakubeba. Wale wa Marekani wanajua kwamba watu wao huanguka zaidi wakati wa kupanda, kushuka na kuhama, kuliko wakiwa wamekaa wanangoja mnyama. Sisi hatuhitaji kuandikiwa; kila mmoja hapa ana jina la mtu moyoni.

Basi pale juu mimi nafanya hivi, na nataka mnione nikifanya kwa polepole. Kamba fupi bado imenishika. Natia chuma, natia fundo. Naangalia karabina zimefungwa, nazibonyeza kwa kidole, sizitazami tu. Kisha nakaa. Nakaa kweli, uzito wote uende kwenye kamba ya kushukia mpaka ile fupi ilegee. Naachia mikono yote miwili, nanyoosha hivi kama padre. Nahesabu mpaka tano. Kama fundo limeteleza, bado niko salama, nalifunga upya. Likishika, ndipo nafungua ile fupi. Kabla ya hapo siifungui hata kama mwenye shamba anaita chakula kimeiva.

Na panga lisishuke na wewe. Wawindaji upinde wanautanguliza kwa kamba yake, unafika chini kabla yao. Panga na msumeno vishushwe vivyo hivyo. Kamba iliyobeba mtu imekazwa kama uzi wa zeze. Ukiigusa na makali haikatiki polepole, inapasuka. Anayefanya kazi na msumeno wa mnyororo, kamba yake ya shinani iwe na waya wa chuma ndani, na bado asikate kuelekea upande wake.

Nimeleta kamba tatu, zipitishwe huko nyuma mzishike. Ya manjano ni ile ya manila ya madukani, ya kufungia mizigo na ng'ombe. Plastiki yake inayeyuka mapema kwa moto wa msuguano, na jua linaikausha mpaka inatoa unga. Ukiipitisha kwenye chuma cha nane ukashuka haraka, unajipikia. Ya pili ni katani, ya Tanga, kamba ya heshima, baba yangu aliitumia. Ikilowa na kukauka mara nyingi inaoza ndani huku nje inatabasamu. Ya tatu ina ala nje na nyuzi ndani, imetengenezwa kwa ajili ya watu.

Ila hata hiyo ya tatu, mmeinunua wapi? Najua. Soko la Memorial, kwenye mitumba, katikati ya makoti ya mlimani. Sikatazi, hanesi yangu ya kwanza ilitoka huko huko. Lakini kamba haina mdomo. Haikuambii kama ilisafiri kwenye buti la gari pamoja na betri, na maji ya betri yanaila nailoni bila kuacha alama. Ipitishe yote mkononi, sentimita kwa sentimita, macho yamefumba. Ikunje: ikikunjika kali kama karatasi mahali fulani, ndani pameshakatika. Ukiwa na shaka, mpe jirani afungie ng'ombe. Ng'ombe hapandi mti.

Kuhusu mti wenyewe sina haja ya kuwafundisha, ninyi ni watoto wa kihamba, shamba letu la nyumbani. Mnajua mparachichi unavunjika kama biskuti, na tawi la mgrivea linalotoka pembeni halibebi mtu hata likiwa nene kama paja. Kamba izunguke shina, juu ya panda, si tawi. Gonga kwa mpini wa panga usikie kama pana uwazi. Tazama kwenye mizizi kama pana uyoga. Mlima huu ndio wenye mti wa asili mrefu kuliko yote ya asili iliyopimwa Afrika, mkukusu wa mita 81.5 uliotangazwa 2016 na mtafiti Andreas Hemp na wenzake, na nikiusimulia kwa wageni najivuna kama niliupanda mimi. Lakini mti uliotutoa roho si ule. Ni mparachichi wa nyuma ya jiko. Na kama waya wa umeme unapita karibu na matawi, hiyo si kazi yetu. Wapigieni TANESCO, mkanywe chai.

Mtu wa chini. Huyu msimdharau. Yule kijana wangu hakuwa na mafunzo, alishika kamba tu, na leo mimi nina wajukuu. Kazi yake ni moja: kamba iko mikononi, haivuti, anakutazama wewe wala si simu. Ukiachia, anaivuta chini kwa uzito wake wote, nawe unasimama. Asimame pembeni kidogo, avae kofia ngumu, maana panga likianguka halichagui. Na ajue hili: mtu aliyezimia akining'inia kwenye hanesi hafai kuachwa hapo mkisubiri gari kutoka mjini. Damu inakaa miguuni, moyo unakosa ya kusukuma, na ni suala la dakika. Kwa hiyo kabla hajapanda, mwulizane: wewe ukizimia pale, mimi nakushushaje? Jibu likiwa "Mungu anajua", basi hampandi, kwa sababu Mungu anajua lakini hana ngazi yenu.

Mwisho nina neno na matajiri, na wawili nawaona hapa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ya mwaka 2003, inamtaka mwenye kazi ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga, si amkate kwenye posho. Kuna bwana mmoja aliniambia, "Mbona wenzako wanapanda na katani na bei yao ni nusu?" Nikamwambia awaite hao wenzangu. Mmoja alikuja, kweli, kwa magongo. Sikuongeza neno.

Nimesema sana na chai imepoa. Nyuma ya ukumbi nimefunga kamba kwenye mgrivea, mita mbili tu kutoka ardhini, nimetandika magunia ya maranda chini yake. Nataka kila mmoja aikalie, afunge fundo mwenyewe, halafu aachie mikono yote miwili. Mtaona ni vigumu kiasi gani, vidole vitakataa. Vueni saa na pete, akina dada fungeni nywele na vitenge vizuri, kitu kisiingie kwenye chuma. Tunaanza na mheshimiwa diwani.